Kuboresha Spika na Mfumo wa Sauti Katika Gari la Zamani: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Malalamiko ya wenye magari wa Mombasa waliojaribu kubadilisha spika zao yanafanana mno. Mmoja amenunua spika za bei kubwa, akazifunga mahali palepale pa zile za zamani, na besi ikapungua kuliko awali. Mwingine alifurahia sauti safi tangu Desemba hadi Machi, kisha mvua za masika zikanyesha na spika ya mlango wa kushoto ikanyamaza. Wako pia wanaosikia mlio mwembamba unaopanda kila wanapokanyaga mafuta.

Makosa haya, karibu yote, hutokea nje ya spika yenyewe. Hutokea ndani ya mlango, kwenye viungio vya nyaya na katika urekebishaji wa ampifaya, yaani kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti. Kwa sababu hiyo mwongozo huu utakaa sana katika sehemu hizo, na utapita upesi katika suala la chapa gani ni bora.

Maelezo yanahusu hasa magari madogo yaliyotoka Japani, kama vile Corolla 110, NZE, Nissan B15 na Probox, yanayotumia umeme wa volti 12 na ambayo bodi yake ya chuma ndiyo hasi. Fuata hatua kwa mpangilio, na usiende hatua inayofuata kabla ya kuona dalili za mafanikio zilizotajwa. Wengi watakaofika hatua ya tano wataridhika na sauti waliyoipata, na hawatahitaji kununua ampifaya kabisa.

## Zana na vifaa

Kusanya kila kitu kabla ya kulegeza skrubu ya kwanza. Gari lililofunguliwa milango na kuachwa hivyo usiku kucha huingiwa na unyevu na vumbi ndani ya plagi zake.

Zana:

- Mita ya umeme inayopima volti za DC na za AC pamoja na omu. Usianze kazi hii bila mita.
- Bisibisi za nyota na bapa, spana namba 8, 10 na 12, na kabari za plastiki za kubandulia paneli.
- Koleo la kubania lagi (vichwa vya chuma vya kufungia ncha za waya), kisu cha kumenyea waya, na chuma cha kulehemu kwa risasi.
- Drili, msumeno mwembamba, msasa, rula na tochi.
- Betri moja ndogo ya volti 1.5, kwa ajili ya kupima chanya na hasi ya spika.

Vifaa:

- Spika mpya, na redio mpya ikiwa ya zamani itabadilishwa.
- Plagi ya kuunganishia inayolingana na gari lako, ili usikate nyaya asilia za gari.
- Ubao wa kutengenezea pete za spika (fremu za duara za kufungia spika kwenye mlango), unene wa milimita 12 hadi 18.
- Shuka za butili (mpira mzito unaonata) zenye karatasi ya alumini juu, na tepu ya sponji.
- Mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto, lagi za shaba zilizopakwa bati, na klipu za akiba za paneli.
- Ikiwa utafunga ampifaya: waya mnene wa umeme, fyuzi na kishikio chake, nyaya za RCA (zinazopeleka sauti kutoka kwenye redio hadi kwenye ampifaya), na waya mwembamba wa kuiwashia.

Vitu viwili katika orodha hii vinahitaji uangalifu zaidi kwa mtu wa Pwani. Cha kwanza ni waya. Nyaya nyingi zinazouzwa kwa pakiti za bei nafuu ni za alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Alumini hupitisha umeme kwa takribani asilimia 61 tu ya uwezo wa shaba, na panapokuwa na chumvi hewani huoza upesi pale inapokutana na chuma kingine. Kwangua uzi mmoja wa waya kwa kisu kabla ya kulipa: ukiwa mwekundu hadi ndani ni shaba, na ukiwa mweupe ndani ni alumini. Ukikosa waya mzuri wa gari, waya wa mashine ya kulehemu unafaa sana, kwa sababu una nyuzi nyingi nyembamba za shaba na hustahimili mtikisiko. Waya mgumu wa nyumbani haufai kwa kazi hii.

Cha pili ni ubao wa pete. Mbao za unga wa mbao uliogandamizwa hunywa maji na kuvimba ndani ya mlango. Tumia plaiwudi ya majini, ile wanayotumia waunda boti, au kata pete kutoka kwenye ubao mnene wa plastiki wa kukatia nyama, ambao hauozi wala haunywi maji.

## Kuchagua spika

Namba kubwa iliyochapishwa juu ya sanduku la spika ni upeo wa sekunde chache, na haikusaidii chochote. Tazama wati za RMS, yaani nguvu ambayo spika huivumilia kwa muda mrefu. Redio ya kawaida ya gari, hata ile iliyoandikwa wati 50 mara 4, hutoa kati ya wati 15 na 22 za RMS kwa kila spika. Kuipa redio ya namna hiyo spika nzito ya wati 100 ni kuinyima spika hiyo uhai.

Kama hutafunga ampifaya, namba muhimu kuliko zote ni ile ya desibeli, inayoonyesha spika inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati 1 na kusikilizwa kutoka mita 1. Kila desibeli 3 zinazopungua hudai nguvu maradufu ili kufikia sauti ileile. Spika ya desibeli 92 inayopata wati 10 itasikika sawa na ya desibeli 89 inayopata wati 20. Chagua yenye desibeli 90 au zaidi.

Ukinzani uwe omu 4, isipokuwa kitabu cha redio kimeruhusu kingine. Spika za omu 2 kwenye redio iliyotengenezwa kwa omu 4 huichemsha hadi ikajizima au ikaungua.

Angalia pia malighafi. Joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani pamoja na unyevu wa bahari huzila kingo za sponji, nazo hupukutika zikiguswa. Chukua koni ya plastiki ya polipropilini yenye ukingo wa mpira.

Ushauri wangu kuhusu fedha ni huu: zipeleke zote mbele. Dereva na aliye kando yake husikiliza spika za milango ya mbele, na jozi moja nzuri iliyofungwa vizuri huzishinda jozi mbili za wastani. Spika za nyuma zinaweza kubaki zilivyo, au kuzimwa, hadi mwaka mwingine.

## Hatua ya 1: Chunguza kilichopo

Washa redio na usikilize kila spika peke yake kwa kupeleka sauti kulia, kushoto, mbele na nyuma. Andika ipi inakwaruza, ipi imekufa, na ipi hukatika mlango ukifunguliwa na kufungwa.

Hiyo ya mwisho mara nyingi si spika mbovu. Katika magari yaliyofunguliwa milango maelfu ya mara, waya hukatika ndani ya mpira unaopita kwenye bawaba. Ukiona dalili hiyo, tengeneza waya huo kwanza, kwa sababu spika mpya nayo itakatika vilevile.

Dalili ya mafanikio: una orodha ya hitilafu, na unajua ipi ni ya spika na ipi ni ya waya.

## Hatua ya 2: Kata umeme na ufungue paneli

Legeza waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10 na uuweke mbali. Ukilegeza chanya kwanza na spana ikagusa bodi, cheche itakayotoka inaweza kuunguza kifaa au kukuumiza. Subiri dakika kadhaa ikiwa gari lina mifuko ya hewa, na usiguse kamwe plagi au nyaya zilizovikwa rangi ya manjano chini ya usukani na viti, kwa sababu hizo ndizo za mifuko hiyo.

Paneli ya mlango hushikwa na skrubu zilizofichwa nyuma ya kishikio cha ndani na ndani ya pahali pa kuwekea mkono, halafu na klipu za plastiki pembeni. Toa skrubu zote kabla ya kuvuta. Ingiza kabari upande wa chini, bandua klipu moja baada ya nyingine, kisha inua paneli juu ili iachane na mpira wa kioo. Plastiki ya gari lililopigwa na jua la Mombasa kwa miaka mingi huwa kavu na hupasuka. Fanya kazi hii asubuhi, gari likiwa kivulini.

Ndani utakuta karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Ibandue taratibu na uihifadhi nzima, kwa sababu utairudisha.

Sasa pima spika ya zamani kwa omu. Spika ya omu 4 iliyo hai husoma takribani 3.2 hadi 3.8. Ikiwa mita haisomi kitu, koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) imeungua. Ikiwa usomaji ni sahihi lakini sauti haikuwepo, rudi kwenye waya.

## Hatua ya 3: Badilisha redio, ikiwa inahitajika

Redio iliyokuja na gari kutoka Japani ilitengenezwa kwa masafa ya huko, kuanzia megahezi 76 hadi 90. Stesheni zetu huendelea hadi 108, na ndiyo maana redio hizo hazifiki kwa mfano 95.5 ya Baraka FM. Kifaa cha kuhamisha masafa husaidia, lakini hupunguza usafi wa sauti, nami napendelea redio mpya iliyo na Bluetooth na matundu ya kutolea sauti ya RCA.

Nafasi ya redio katika Toyota nyingi ina upana wa milimita 200 na kimo cha milimita 100, ilhali redio nyingi za sokoni zina upana wa milimita 178. Nunua vipande vya kuziba pembeni mapema.

Usikate plagi ya gari. Unganisha plagi ya kati na nyaya za redio mpya ukiwa mezani, ulehemu kila kiungo na ukivike mrija unaosinyaa. Tepu ya umeme peke yake huyeyusha gundi yake kwa joto la dashibodi na kufunguka. Katika Toyota nyingi zenye plagi ya pini 10 na ya pini 6, rangi upande wa gari ni hizi:

- Umeme wa kudumu: buluu yenye mstari wa manjano. Umeme wa swichi: kijivu. Hasi: kahawia.
- Mbele kushoto: waridi ni chanya, zambarau ni hasi. Mbele kulia: kijani kibichi chepesi ni chanya, buluu ni hasi.
- Nyuma kushoto: nyeusi ni chanya, manjano ni hasi. Nyuma kulia: nyekundu ni chanya, nyeupe ni hasi.

Upande wa redio mpya, manjano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni hasi. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni chanya za spika nne, na kila moja ina mwenzake wenye mstari mweusi ambao ni hasi. Hata hivyo, thibitisha kwa mita. Gari la zamani limepita mikononi mwa mafundi wengi, na rangi haziaminiki kikamilifu.

Onyo: usiunganishe hasi ya spika yoyote na bodi ya gari. Redio za sasa husukuma umeme katika nyaya zote mbili za spika, na kugusisha mmoja na bodi huua saketi ya kutolea sauti. Katika magari makuukuu kabisa, baadhi ya spika zilifungwa kwa mtindo huo tangu kiwandani. Ukiwa umechomoa redio, pima omu kati ya kila waya wa spika na bodi. Mita ikisoma namba ndogo, pitisha nyaya mpya za spika hiyo.

Dalili ya mafanikio: redio inawaka kwa ufunguo, inazimika nao, na inakumbuka stesheni baada ya kuzimwa.

## Hatua ya 4: Tayarisha mlango

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na hapa ndipo besi inapopotelea. Koni ya spika ikisukuma hewa mbele, huivuta hewa nyuma kwa wakati uleule. Hewa hizo mbili zikikutana kupitia matundu ya mlango, hufutana, hasa katika sauti nzito. Spika ya kiwandani mara nyingi ilikuja na fremu yake ya plastiki iliyoziba tundu lote. Spika mpya ya duara ukiifunga kwenye tundu lilelile kwa skrubu mbili huacha nyufa pembeni, na ndiyo sababu besi hupungua baada ya kulipia spika bora.

Anza kwa kusafisha. Futa bati la ndani kwa kitambaa chenye spiriti hadi kisitoke na uchafu. Ukikuta kutu, ikwangue kwa msasa, upake rangi ya kuzuia kutu, na uache ikauke kabisa. Butili iliyobandikwa juu ya kutu huficha kutu hiyo ikiendelea kuula mlango.

Bandika kipande cha butili kwenye bati la nje, nyuma ya mahali spika itakapokaa, ukikisugua kwa nguvu hadi kishike kote. Si lazima kufunika bati lote. Robo moja ya eneo iliyoshikwa vizuri tayari hupunguza mtetemo kwa kiasi kikubwa. Epuka tepu za lami za kuzibia mapaa, hata kama bei yake inavutia, kwa sababu lami hulegea kwa joto, hunuka, na mwishowe huteleza hadi chini ya mlango.

Kisha ziba matundu makubwa ya bati la ndani kwa butili au kwa vipande vya plastiki vilivyozungushiwa gundi. Acha wazi sehemu za fimbo za kitasa na za mota ya kioo ziweze kusogea. Kabla ya kuendelea, shusha na upandishe kioo, funga na ufungue kitasa, na usikilize kama kuna kinachogusa.

Sasa tufikirie maji. Mpira wa kioo hauzuii mvua yote. Maji huingia ndani ya mlango kila mara, hushuka, na kutoka kupitia matundu madogo yaliyo kwenye ukingo wa chini. Matundu hayo yasizibwe kamwe. Yachokoe kwa waya laini, kisha mwaga kikombe cha maji polepole juu ya kioo na uone yakitoka chini. Karatasi ya nailoni uliyoihifadhi hurudishwa juu ya kila kitu, makali yake ya chini yakiingia ndani ya mlango ili tone linaloteleza juu yake lirudi ndani na kutokea chini badala ya kuingia kwenye paneli na zulia. Mafundi wengi huitupa karatasi hii, na zulia lililoloa katika mvua za Mei ndilo tokeo lake.

Dalili ya mafanikio: gonga mlango kwa ngumi upande wa nje. Mlio uliokuwa wa debe tupu sasa uwe mfupi na mzito.

## Hatua ya 5: Funga spika

Shusha kioo hadi mwisho na upime kina kutoka kwenye bati la ndani hadi kwenye kioo. Ongeza unene wa pete, kisha hakikisha kwamba sumaku ya spika itabaki na nafasi ya angalau milimita 5. Kioo kikigonga sumaku, utapoteza vyote viwili.

Kata pete, ipake rangi ya kuzuia maji pande zote pamoja na ndani ya matundu ya skrubu, na uifunge kwenye bati kwa bolti na nati. Bandika tepu ya sponji kati ya bati na pete, na tena kati ya pete na spika. Kaza skrubu kwa zamu, zile zinazoelekeana kwanza, ili fremu isipinde. Juu ya spika, weka kipande chembamba cha plastiki mfano wa paa dogo, kwa upande wa nyuma, ili maji yanayoshuka yasidondokee koni.

Chanya na hasi zikipishana katika spika moja, koni za kulia na kushoto zitapingana, na besi itatoweka katikati ya gari. Ikiwa alama hazionekani, gusa ncha za spika kwa betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja. Koni ikitoka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Ncha za spika zilehemu au uzibane kwa klipu zilizopakwa bati, kisha paka grisi nyembamba juu ya kiungo. Grisi hii ndiyo kinga dhidi ya chumvi. Kiungo kikavu cha shaba katika gari linalolala karibu na ufuo wa Nyali au Bamburi huanza kuwa kijani baada ya muda mfupi, na ukinzani wake hupanda bila wewe kujua.

Rudisha umeme na ujaribu kabla ya kurudisha paneli.

Dalili ya mafanikio: sauti ya mtangazaji isikike ikitoka katikati ya dashibodi, na besi iwe na uzito hata redio ikiwa chini. Ukisogeza sauti upande mmoja na besi ikaongezeka, umepishanisha nyaya za spika moja.

## Hatua ya 6: Ampifaya

Ikiwa bado unataka nguvu zaidi, piga hesabu kwanza. Ampifaya ya kisasa ya daraja D ya wati 50 RMS mara 4 hutoa wati 200. Ikiwa ufanisi wake ni asilimia 80, inavuta wati 250, na ukigawanya kwa volti 13.8 unapata takribani ampea 18. Waya wa milimita za mraba 8 hadi 10 na fyuzi ya ampea 30 vinatosha. Ampifaya za daraja AB hupoteza karibu nusu ya umeme kwa joto, kwa hiyo huvuta zaidi.

Fyuzi iwekwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kazi yake ni kuulinda waya: waya usio na fyuzi ukikwaruzwa popote na kugusa bodi utawaka moto, na hakuna kitakachoukata. Usiweke fyuzi inayozidi uwezo wa waya kwa sababu tu ile ndogo imeungua.

Pitisha waya katika mpira uliopo kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na abiria. Ukilazimika kutoboa tundu jipya, livike mpira. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari, nyaya za RCA upande wa pili. Zikilala pamoja, mlio wa altaneta (mtambo wa injini unaochaji betri) utaingia kwenye muziki.

Hasi ya ampifaya iwe fupi, isizidi sentimita 50, na unene wake uwe sawa na wa chanya. Chagua bolti imara ya bodi, kwangua rangi hadi chuma king'ae, kaza lagi kwa nati yenye meno, kisha paka rangi au grisi juu yake siku hiyohiyo. Chuma kilichokwanguliwa na kuachwa wazi hapa kwetu hushika kutu kabla wiki haijaisha. Ikiwa kazi hii utampa fundi, kaa naye hapa. Wengi hufunga hasi kwenye skrubu ya kiti juu ya rangi, na mlio mwembamba unaowasumbua wateja wao huanzia hapo.

Waya wa kuwashia ampifaya ni ule wa buluu wenye mstari mweupe kutoka kwenye redio. Buluu tupu ni wa antena, na katika redio nyingi huzimika ukihamia Bluetooth.

Dalili ya mafanikio: injini ikiwa hai na muziki ukiwa juu, pima volti kwenye betri, kisha kwenye ampifaya. Tofauti isizidi nusu volti. Ikizidi, kiungo fulani ni kibovu au waya ni mwembamba.

## Hatua ya 7: Sabwufa

Sabwufa ni spika kubwa ya besi pekee. Kwa gari dogo, sabwufa moja ya inchi 10 katika sanduku lililofungwa la lita 17 hadi 28 inatosha, mradi ufuate ujazo uliotajwa na mtengenezaji. Sanduku lililofungwa husamehe makosa ya vipimo kuliko lenye bomba. Asiyetaka kupoteza buti achukue ile bapa ya chini ya kiti. Lifunge sanduku kwa mikanda au bolti, kwani katika ajali huruka likiwa na uzito wake wote.

## Hatua ya 8: Rekebisha kwa mita

Kitufe kilichoandikwa GAIN si cha kuongeza sauti. Kinalinganisha ampifaya na redio. Kikizidishwa, mawimbi hukatwa vichwa, na umeme wa namna hiyo huunguza twita (spika ndogo za sauti nyembamba) na koili hata kama wati zinaonekana kutosha.

1. Toa nyaya za spika kwenye ampifaya. Zima vikuza besi vyote, weka sauti za juu na chini sifuri, na ushushe GAIN hadi mwisho.
2. Cheza mlio wa majaribio wa hezi 1000 uliorekodiwa kwa kiwango cha desibeli 0, na wa hezi 50 kwa ampifaya ya sabwufa. Pandisha redio hadi robo tatu ya upeo wake.
3. Weka mita kwenye volti za AC kwenye ncha za ampifaya za kutolea sauti ya spika, na upandishe GAIN hadi namba inayofaa. Kwa omu 4, wati 50 ni volti 14.1, wati 75 ni 17.3, wati 100 ni 20, na wati 200 ni 28.3. Hesabu yake ni kipeuo cha pili, yaani mzizi wa mraba, cha wati zilizozidishwa kwa omu.
4. Weka kichujio cha HPF (kinachopitisha sauti za juu tu) kwa spika za milango kwenye hezi 80, na cha LPF (kinachopitisha sauti nzito tu) kwa sabwufa kwenye hezi 80, kisha urudishe nyaya.
5. Pishanisha chanya na hasi ya sabwufa, sikiliza ukiwa kiti cha dereva, na ubakie na upande unaotoa besi nyingi.

Mlio ukipanda na kushuka pamoja na injini, chomoa RCA kwenye ampifaya. Ukinyamaza, tatizo liko kwenye RCA au hasi ya redio. Ukiendelea, liko kwenye hasi ya ampifaya yenyewe.

## Matumizi na ukaguzi

Injini ikiwa hai, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikishuka chini ya 13 taa, feni na kiyoyozi vikiwa vimewashwa, altaneta imelemewa, nawe upunguze nguvu au uihudumie altaneta kwanza. Kwenye foleni ya feri ya Likoni, wengi huzima injini na kuacha muziki. Mfumo unaovuta ampea 10 utakula ampea-saa 20 kwa saa 2, karibu nusu ya betri ya NS60 yenye ampea-saa 45, na betri ya kuwashia gari haikutengenezwa kuvumilia kukaushwa namna hiyo mara kwa mara.

Kabla ya masika kuanza, na tena yakiisha, chokoa matundu ya chini ya milango, kagua bolti ya hasi na ncha za betri, safisha unga wowote mweupe au kijani, na upake grisi upya. Pima tena tofauti ya volti kati ya betri na ampifaya. Ikiwa imeongezeka kuliko ulivyoiandika siku ya kwanza, anza kutafuta kwenye hasi, kisha kwenye kishikio cha fyuzi ndani ya boneti, ambacho hupata maji ya barabarani moja kwa moja.